Tisa Iliyojaa

Nilipokuwa mtoto kule Dagoretti, kila kitu kilihesabiwa isipokuwa watu. Baba alifanya kazi kichinjioni, na kila asubuhi alisimama langoni na gambuti zake nyeupe za mpira akihesabu ng'ombe wanaoshushwa kutoka kwenye malori. Mama alihesabu viazi kabla ya kuvimenya. Mimi nilihesabu nguzo za stima kutoka nyumbani hadi shuleni, na mtu akinisalimia nikapoteza hesabu, nilimnunia mpaka kesho yake. Lakini ukikaa jikoni kwetu ukaanza kuwanyooshea watu kidole, mmoja, wawili, watatu, Shosho angekupiga ule mkono kabla hujafika wanne.

"Watu hawahesabiwi," alisema.

Shosho alikuwa mama yake Baba. Nyumba yake ilikuwa kwenye ploti yetu, mlango wake ukitazamana na wetu, kwa hiyo hakuna neno lililosemwa kwetu asilisikie.

"Na ng'ombe je?" nilimuuliza siku moja. "Baba huwahesabu kila siku na hakuna kitu hufanyika."

"Hakuna kitu?" Shosho alicheka hadi akashika kifua. "Kwani hao ng'ombe huenda wapi wakishahesabiwa?"

Usidhani Shosho alikuwa mpagani. Alibatizwa akiwa msichana, alikuwa na Biblia ya Kikuyu iliyofungwa kwa mpira ili kurasa zisitawanyike, na hakukosa kanisa hata barabara ikiwa tope tupu. Kwake, Mungu na lile katazo waliishi nyumba moja bila ugomvi. "Mungu anajua ni wangapi," alisema. "Sasa wewe unamuhesabia nani?"

Mama alikuwa Mkristo wa aina nyingine. Mama alikuwa ameokoka. Kanisa letu lilikuwa la mabati, chini kidogo ya soko, na humo ndani mambo ya wazee yalitajwa kwa sauti moja na pombe na uganga. Mama alikuwa mpishi katika nyumba moja ya Kitisuru. Aliondoka ukungu ukiwa bado umelala barabarani, akarudi na miguu imevimba, lakini hakuna jioni aliyotuachia tule kabla ya ibada. Tulikaa kulizunguka jiko la makaa, mimi na mdogo wangu Wairimu, na kila mtu alisema jambo moja la kumshukuru Mungu na baya moja alilolifanya siku hiyo.

Hapo ndipo palikuwa na kazi. Ukisema, "Nililamba sukari," Mama hakujibu. Aliushika mwiko bila kukoroga, akakutazama, mpaka ukaongeza mwenyewe, "vijiko vitatu, halafu nikasema ni Wairimu." Ndipo mwiko ulianza kuzunguka tena.

"Kwa nyumba hii," Mama alisema, "ukweli hausemwi nusu."

Niliipenda sheria hiyo kuliko watoto wengine wanavyopenda peremende. Mimi sikumaliza shule. Biashara ya vifaa vya ujenzi niliyo nayo nilijifunza mwenyewe, kwa kusimama kwenye maduka ya watu na kuuliza, kukosea na kutukanwa. Sina subira, wateja wangu watakwambia, lakini watakwambia pia kwamba nikisema mbao ni kavu, ni kavu. Hilo nililipata kwenye mwiko wa Mama. Kwa hiyo yale yaliyotokea siwezi kuyaandika nusu, ingawa nimekaa nayo miaka mingi bila kumwambia hata baba ya watoto wangu.

Mtu akimuuliza Shosho ana wajukuu wangapi, alijibu kwa maneno mawili ya Kikuyu: kenda muiyuru. Maana yake ni tisa iliyojaa. Tulikuwa kumi. Shangazi zangu wawili walikuwa na watoto saba kati yao, na kwetu tulikuwa watatu baada ya mtoto wa kiume kuzaliwa. Lakini ile kumi, namba ambayo wazee wetu huiogopa, Shosho hakuitamka. Aliizunguka, akaijaza ndani ya tisa kama mtu anayefinya unga ndani ya debe, na kila mzee aliyemsikia alielewa na kutikisa kichwa. Mimi nilielewa pia. Ila nilielewa kwamba ni uongo.

Huyo mtoto wa kiume aliitwa Kamau, jina la Guka, marehemu mume wa Shosho. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la baba ya baba yake, na msichana wa kwanza jina la mama ya baba yake. Kwa hiyo mimi ni Wanjiru, kama Shosho, na mtoto yule alikuwa Guka amerudi. Shosho hakumwita Kamau hata mara moja. Alimwita mume wangu. Akiingia asubuhi aliinama juu ya shuka na kusema, "Mume wangu, bado umelala na jua limetoka? Nani atalisha ng'ombe?" Na kwa kuwa mimi na yeye tulikuwa jina moja, aliniita pembeni na kunong'ona, "Kuja uone mume wetu amekojolea mama yako."

Mama alicheka pia, ingawa alijaribu kukunja uso. "Mami, huyo ni mtoto wa Yesu, si mume wa mtu."

"Yesu hajakataa nipate mume," Shosho akamjibu.

Ulikuwa mwaka ule shule za msingi zilipokuwa za bure, tukawa tunakaa watano kwenye dawati la watatu. Kamau aliwekwa wakfu kanisani mwezi wa saba. Mtu wa Dagoretti anajua mwezi wa saba ulivyo: jua halionekani, makaa hayashiki, nguo zinakaa kwenye kamba mpaka zinanuka. Mama alikuwa ameomba ruhusa ya Jumapili hiyo mapema, shangazi zangu walikuja na watoto wao wote, na jikoni kulikuwa na karai la unga wa chapati uliofunikwa kwa kitambaa.

Asubuhi hiyo, kwenye darasa la watoto, mwalimu wetu alitufundisha juu ya uongo. Alituambia Mungu hana mzani wa kupima uongo mdogo na mkubwa. Nikatoka pale kifua kimenijaa kabisa.

Ibada ilipofika sehemu ya kumweka mtoto wakfu, familia yetu iliitwa mbele. Pasta wetu alitoka magharibi mwa nchi, mtu mkubwa, mcheshi, na Kikuyu chake kilikuwa kile cha kununulia nyanya. Akampelekea Shosho maikrofoni.

"Shosho, Bwana asifiwe!"

"Amina."

"Hebu waambie watu wa Mungu. Umebarikiwa na wajukuu wangapi?"

Shosho aliishika ile maikrofoni kama mtu aliyepewa kuku wa wenyewe. "Kenda muiyuru," akasema.

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Pasta akalidaka lile neno moja alilolijua. "Tisa! Wajukuu tisa! Mpigieni Bwana makofi!"

Kanisa likapiga makofi. Na mimi, niliyekuwa nimesimama mbele ya kila mtu na soksi nyeupe za kuazima, nikapaza sauti: "Si tisa! Ni kumi!"

Watu wakacheka. Pasta naye akacheka, akainama hadi uso wake ukanifikia. "Haya! Kumbe tuko na mhasibu hapa. Kuja, msichana, tuhesabie. Shosho amesahau mmoja."

"Hajasahau," nikasema kwenye maikrofoni. "Amedanganya."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Niligeuka, nikanyoosha kidole. Nilianza na watoto wa shangazi mkubwa, nikaenda kwa wa shangazi mdogo, nikamwonyesha Wairimu, nikajigusa kifua. Kila namba niliitamka kwa sauti na kanisa likaitikia nami. Shosho alitamka jina langu, jina letu, "Wanjiru," kwa sauti ya chini tu, si ya hasira. Nilisikia. Niliendelea. Nikamfikia Mama aliyembeba Kamau ndani ya shali, nikanyanyuka kwa vidole vya miguu, nikakiweka kidole changu kwenye paji la uso wa mtoto.

"Kumi!"

Paji lile lilikuwa la moto.

Ninakumbuka hilo kuliko makofi. Joto lilipanda kwenye ncha ya kidole changu kama nimegusa sufuria, nikautoa mkono haraka. Nilidhani ni shali.

Shosho alisogea mbele, akafunua shali, na mbele ya Pasta na mke wa Pasta na kanisa zima akamtemea mtoto mate kidogo kichwani, yale mate mepesi ya baraka ambayo wazee wetu hubarikia. Niliona uso wa Mama ukibadilika. Alitabasamu akiwatazama watu, akatoa kitambaa, akapangusa.

Nyumbani tulikula chapati. Shosho hakula. Nilimsikia jikoni akimwambia Mama, "Hata kwa Biblia yenu kuna mfalme alihesabu watu, wakaanza kufa. Soma."

"Mami," Mama akasema, "sisi hatuamini hayo mambo."

"Mimi sijasema mimi naamini. Nimesema soma."

Jioni ile Kamau alianza kupumua kwa kelele, kifua kikiingia ndani na kutoka. Asubuhi Mama hakwenda Kitisuru, alikwenda hospitali. Wiki haikuisha. Mimi nilikuwa mlangoni na Wairimu tukicheza na visoda wakati Baba alipoingia getini akiwa bado na gambuti za kazini. Mikononi alikuwa na ile shali. Aliibeba ikiwa imekunjwa, mkono mmoja chini, mmoja juu, vile inavyobebwa ikiwa na mtu ndani. Nikasimama kwenda kumwona mtoto. Hakukuwa na mtoto.

Nimonia, walisema wakubwa. Neno hilo sikulijua. Neno nililolijua ni kumi.

Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na ua wa miiba ya kaiyaba, kando ya Guka. Watoto wa mtaa wetu waliamini kwamba ukinyooshea kaburi kidole, kidole kinaoza, mpaka uking'ate chenyewe ndiyo upone. Siku ya mazishi binamu yangu mmoja, mvulana mkubwa kidogo kuliko mimi, alinikuta nikiangalia kule.

"Wee, usinyooshe mkono," akasema. "Chako ndicho kilimhesabu. Hicho hata ukiking'ata hakisaidii."

Nilimrukia, nikamng'ata yeye. Nilichapwa kwa hilo. Lakini usiku na mchana nilikuwa naking'ata kidole changu, mpaka chini ya ukucha pakawa na alama ngumu ambayo ipo hadi leo. Niliamini kwamba lile joto halikutoka kwenye paji la Kamau. Lilitoka kwangu likaingia kwake.

Tuliporudia ibada zetu za jioni, zamu ya kusema baya langu ilipofika, nilimtazama Mama. Mwiko ulikuwa umesimama.

"Mama, ni mimi nilifanya mtoto akufe?"

Wairimu aliacha kucheza na makaa. Mama hakunitazama. Aliinama akapuliza jiko ambalo lilikuwa linawaka vizuri tu.

"Sisi hatuamini hayo mambo," akasema. "Sisi ni watu wa Yesu."

Kisha mwiko ukaanza kuzunguka. Nilisubiri aongeze kitu. Nilijua sheria ya nyumba ile. Nilijua kwamba neno likibaki nusu, linabaki limening'inia hadi mtu alimalizie. Hakulimalizia, na mimi nikajimalizia mwenyewe jinsi nilivyoweza: hatuamini, lakini imetokea.

Shosho hakuwahi kunilaumu. Ningependa angenilaumu. Siku moja, wiki kadhaa baadaye, mama mmoja mgeni wa kanisani alikuja kutupa pole, na kwa kutojua kwake akamuuliza Shosho Mungu amempa wajukuu wangapi. Nilikuwa nimekaa chini nikimshikia uzi wa kiondo, kikapu alichokuwa akikisuka.

"Kenda," Shosho akasema.

Nikangoja lile neno la pili. Shosho alivuta uzi. Mgeni akasema Bwana asifiwe, Shosho akasema Amina, na lile neno halikuja. Tisa. Si iliyojaa. Tisa tu.

Tangu siku hiyo sijahesabu watu. Shuleni nilikataa kuwa kiranja kwa sababu kiranja huhesabu darasa, na mwalimu aliponilazimisha nikamjibu vibaya, nikafukuzwa, na hapo ndipo masomo yangu yalipoanza kuchoka. Dukani nahesabu misumari, mabati, mifuko ya saruji, na hakuna anayeweza kunidanganya kwa hesabu. Lakini vijana wangu wakipanda lori la kupeleka mzigo sisemi mko wangapi. Nasema, "Mko wote?" Shosho alifariki nikiwa nimeshakuwa mtu mzima, tukamlaza kati ya waume zake wawili, na kwenye mazishi niliposikia mwendesha shughuli akitaka kusoma idadi ya wajukuu, nilitoka nikasimama barabarani.

Sasa naishi Woodley, na nina watoto wangu. Njeri yuko darasa la kwanza, ndugu yake Maina bado hajatembea. Nimewalea kwa imani, kwa sababu ndiyo kitu ninachokijua. Ibada ya jioni ipo. Hata mwiko upo, Mama alinipa. Nami huwaambia kwa sauti ya mtu anayejua: ukweli hausemwi nusu. Hasa Njeri, ambaye ana mdomo kama wangu.

Juzi, wiki chache tu zilizopita, ilikuwa zamu ya Njeri kushukuru. Alifumbua macho katikati ya maombi.

"Asante Mungu kwa watu wetu," akasema, akanyoosha kidole. "Mmoja, Daddy. Wawili, Mum. Watatu, mimi. Na Maina ni wa…"

Sijui niliinukaje. Nilimpiga ule mkono kwa nguvu nyingi, sahani yake ikaanguka, wali ukamwagika. Maina akaanza kulia. Njeri hakulia. Aliushika mkono wake, akaniangalia.

"Mum, nimefanya nini?"

Baba yao naye alikuwa ananiangalia. Ni mtu mtulivu, anayesema mambo yangu na kanisa langu yanamshinda kwa kelele. Alikuwa anangoja, kama mtoto.

"Hakuna kitu," nikasema. "Sisi hatuamini hayo mambo. Kula."

Nililisikia lile neno likitoka mdomoni mwangu. Sauti ilikuwa ya Mama kabisa. Na niliona Njeri akikitazama kidole chake, kile cha shahada, akakigeuza upande huu na ule, kama mtu anayetafuta mahali palipochafuka.

Jumamosi nilifunga duka mapema, nikamchukua Njeri, nikaenda Dagoretti kwa Mama. Nilikwenda na hasira. Mimi hasira yangu huwa haina breki, na njia nzima nilikuwa naipanga. Mama alikuwa kwenye kibaraza anamenya njegere. Amezeeka, lakini bado anaimba nyimbo za mikutano kwa pua. Njeri akaenda kufukuza kuku. Sikusalimia vizuri.

"Mum, kwa nini hukuwahi kuniambia si mimi?"

Alijua. Hakuuliza nazungumzia nini. Alitoa njegere kwenye ganda moja, mbili, akazitia bakulini.

"Nilikwambia hatuamini."

"Ulisema hatuamini. Hukusema si mimi. Hayo ni maneno mawili tofauti."

"Ulikuwa mtoto. Nilidhani utasahau."

"Tazama," nikamwonyesha ile alama chini ya ukucha. "Nimesahau hapo?"

Mama aliushika mkono wangu kwa vidole vilivyolowa. Nilifikiri ataomba. Alipenda kuomba mtu akimbana. Hakuomba.

"Ningesema si wewe," akasema polepole, "ungeuliza ni nani."

Kuku walipiga kelele, Njeri akacheka kule nyuma. Mama akaniachia mkono.

"Alikuwa anakohoa tangu Alhamisi," akasema. "Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Jumamosi alikataa titi. Nilimpaka ile dawa ya kifua, nikamfunga shali. Nilisema, wacha kwanza awekwe mikononi mwa Mungu, hospitali nitaenda Jumatatu. Watu walikuwa wameshakuja. Unga nilikuwa nimeshakanda. Wanjiru, mimi nilimpeleka kanisani akiwa mgonjwa na nikawaambia watu analala tu, ni mtoto mzuri halii. Halafu wewe ukahesabu. Na Shosho yako akakutazama wewe. Kila mtu akakutazama wewe. Na mimi nikaona… nikaona hiyo ni afadhali."

Lile joto. Miaka yote hiyo nilikuwa nalo kwenye ncha ya kidole na sikuwahi kulifikiria kwa upande wake mwingine. Lilikuwepo kabla sijamgusa.

Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele. Niwe mkweli, nilikuwa na maneno makali tayari, yale yasiyorudishwa. Lakini mbele yangu alikuwa mama mzee mwenye bakuli la njegere, ambaye amekaa mlango mmoja na kaburi lile miaka yote, akilipita kila asubuhi kwenda kuanika nguo. Nikaona kwamba mzigo niliokuja kumtwika yeye, mimi mwenyewe nimeshamtwika Njeri. Nikaketi. Nikachukua njegere, nikaanza kumenya.

"Shosho alijua?" nikauliza.

"Alijua. Yeye ndiye aliyeniambia Jumamosi nimpeleke hospitali." Mama alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Hakuwahi kumwambia mtu. Hata baba yako."

Basi ndiyo sababu hakunilaumu. Nami nilikuwa nimeuchukulia ukimya wake kuwa hukumu.

Njeri alirudi mbio, amekanyaga tope. "Mum, hapa nyuma kuna watu wamezikwa! Huyu mdogo ni nani?" Akanyoosha mkono kuelekea ua wa kaiyaba, kisha akakumbuka, akauficha mgongoni haraka. Huo mkono uliofichwa uliniuma kuliko yote aliyoyasema Mama.

"Leta mkono," nikamwambia. Akauleta akiwa amekunja ngumi. Nikaufungua. "Unajua Shosho wangu alikuwa na wajukuu wangapi? Hesabu. Wewe unawajua wote."

Akanitazama kama ninamtega.

"Hesabu tu, mami," Mama akasema kutoka kwenye kiti chake. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Hapa hakuna mtu atakuchapa."

Njeri akaanza. Alitaja wajomba na shangazi zake mmoja mmoja, akikunja vidole: wa shangazi mkubwa, wa shangazi mdogo, Auntie Wairimu, mimi. Akabaki na kidole gumba kimoja kimesimama.

"Tisa," akasema.

Nikakishika kile kidole gumba. "Na huyu ni Kamau. Ndugu yangu. Alikuwa mgonjwa kifua, akafa akiwa mdogo. Ndiye yule kule."

Akakikunja. Alitamka namba yake taratibu, akinitazama mdomoni, na mimi nikaitamka pamoja naye. Mama hakutamka. Midomo yake ilisogea tu.

Sitaki kudanganya kwamba nilipona hapo. Jioni tuliporudi Woodley nilimgusa Maina paji la uso alipokuwa anakula, nikamgusa tena alipokuwa anaoga, na nikamgusa Njeri. Ninamwamini Mungu kwa moyo wangu wote, na bado mkono wangu unakwenda wenyewe. Labda ndivyo nitakavyokuwa hadi nife.

Ila wiki iliyofuata Maina aliamka na kikohozi. Si kikubwa. Kikohozi cha baridi, cha watoto wote wa Woodley. Nilikuwa najiandaa kwenda kupokea lori la mabati, vijana walikuwa wananingoja, simu inalia. Nikageuka, nikamwona Njeri amesimama mlangoni pa chumba na sare zake za shule, mikono yote miwili mgongoni, anamwangalia ndugu yake. Alikuwa anasubiri nione.

Nilipiga magoti mbele yake, nikaivuta ile mikono ije mbele.

"Si wewe," nikamwambia. "Unasikia? Si wewe."

Kisha nikawapigia vijana simu nikawaambia lori lirudi, nikamfunga Maina shali, na kabla makaa ya chai hayajashika tulikuwa njiani kwenda kwa daktari.